Damu ya Rangi na Damu ya Mtu

 

Nimekuja kumtetea mtu. Mnamfahamu, maana humu ukumbini wapo wengi wa aina yake. Usiku anatazama filamu ambamo vijana sita wanakatwa kwa msumeno mmoja baada ya mwingine, naye anafurahi kwelikweli. Asubuhi basi lake likipita penye ajali anageuza uso, na mchana chakula hakimpiti kooni. Jirani anamwita mnafiki. Mama yake anaamini filamu zimemharibu. Mwenyewe, akiwa peke yake, hujiuliza kama akili yake iko sawa.

Mimi ni mmoja wao. Nafundisha sanaa za maonyesho, napenda filamu za kutisha, hasa zile za damu nyingi, na picha ya maiti halisi ikinifikia kwenye simu nakosa usingizi. Ninachosema leo ni hiki: mtu huyu hana unafiki wala ugonjwa. Anachokifurahia usiku na kinachomuumiza asubuhi ni vitu viwili, na kule kuvitenga ndiko kunakoonesha kuwa ni mzima. Wa kuogopewa si yule anayependa filamu. Wa kuogopewa ni yule ambaye hatengi tena, na siku hizi tunamtengeneza sisi wenyewe.

Swali ni la kale. Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, aliona kwamba tunapendezwa na picha zilizochorwa kwa usahihi za vitu ambavyo vyenyewe tukiviona vingetuumiza, na miongoni mwa mifano yake akataja maiti. Wanafalsafa wamelirudia hadi zama zetu. Noël Carroll wa Marekani aliliandikia kitabu kizima mwaka 1990. Sitakaa kwa wanafalsafa. Nataka niwapeleke kwenye ukumbi wa maigizo, kwa sababu ukumbi huo ulilijibu swali hili kwa maisha yake na kwa kifo chake.

Mwaka 1897 Oscar Méténier alifungua ukumbi mdogo huko Pigalle, Paris, akauita Grand-Guignol. Jengo lilikuwa kanisa dogo zamani, na malaika wa kuchongwa walibaki juu ya vichwa vya watazamaji. Viti havikufika 300. Mwaka uliofuata ukumbi ulichukuliwa na Max Maurey, na chini yake ukawa nyumba ya hofu. Mtunzi wake mkuu, André de Lorde, aliandika tamthilia zaidi ya mia moja, nyingine akishirikiana na Alfred Binet, mwanasaikolojia yule yule aliyetunga kipimo cha akili mwaka 1905. Jukwaani watu walitobolewa macho, walikatwa makoo, walimwagiwa tindikali usoni. Damu ilipikwa kwa rangi nyekundu ya karmini na gliserini. Mwigizaji Paula Maxa, aliyeanza kazi hapo mwaka 1917, aliuawa jukwaani kwa kila namna ambayo akili inaweza kubuni, na inasemwa idadi ya vifo vyake ilipita elfu kumi. Katikati ya tamthilia mbili za hofu waliweka kichekesho kifupi, ili watu wapumue kabla ya kutumbukizwa tena.

Maurey alipima ubora wa usiku kwa idadi ya watazamaji waliozimia, akaajiri na daktari wa ukumbi. Habari hii husimuliwa kama kituko cha biashara. Mimi naomba tumfikirie daktari huyo kwa makini. Mtu anayezimia kwa kuona jicho la bandia likitobolewa si mtu aliyekufa ganzi. Mwili wake umepokea maumivu ya mwingine kana kwamba ni yake, na akilini anajua kabisa kuwa Paula Maxa ataamka, atanawa uso, na kesho atauawa tena. Vitu hivyo viwili alikuwa navyo kwa wakati mmoja. Ukiondoa cha kwanza, hakuna hofu. Ukiondoa cha pili, hakuna furaha.

Grand-Guignol iliishi zaidi ya miaka sitini. Bila shaka sinema iliinyang'anya wateja, lakini ilipofungwa mwaka 1962 mkurugenzi wake wa mwisho, Charles Nonon, alitaja sababu nyingine. Hawangeweza, alisema, kushindana na Buchenwald, ile kambi ya mateso ya Wanazi. Kabla ya vita kila mtu aliamini kwamba mambo ya jukwaani hayawezekani duniani. Baada ya vita walijua kwamba yanawezekana, na mabaya kuliko hayo. Watazamaji wale wale ambao jirani zao waliwaona wapenda damu walishindwa kuendelea kutazama pale damu ilipoanza kufanana na ya watu waliowajua.

Yupo mtu anayeonekana kumpinga Nonon. Tom Savini, wa Pittsburgh, alialikwa kutengeneza majeraha ya bandia kwa ajili ya filamu ya George Romero, Night of the Living Dead, iliyotoka mwaka 1968. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo kwa sababu jeshi la Marekani lilimpeleka Vietnam, na huko akawa mpiga picha wa vita. Alipiga picha maiti zilizoraruliwa. Amesimulia mara nyingi kwamba alijikinga kwa kutazama kupitia kioo cha kamera na kujiuliza: hiki ningekitengenezaje kwa mpira na rangi? Aliporudi akafanya kazi ya Dawn of the Dead mwaka 1978, kisha Friday the 13th mwaka 1980, na mafundi wengi wa kazi hiyo duniani wamejifunza kwake. Kipimo chake kilikuwa kimoja: jeraha la filamu lisipomrudishia hisia aliyoipata mbele ya jeraha la kweli, bado halijakamilika.

Kwangu Savini hampingi Nonon hata kidogo. Vietnam mtu huyu alilazimika kujidanganya kuwa maiti ni za bandia ili asipasuke moyo. Studioni alirudi kwenye majeraha yale yale akiwa na uwezo ambao vitani hakuwa nao: akisema basi, kila aliyekufa anainuka. Sioni kazi ya kiungwana kuliko hiyo kwa mtu aliyerudi na vichwa vya wafu machoni.

Sasa twende mpakani, mahali ambapo mtu hawezi kujua damu anayoiona ni ipi. Mwaka 1980 Ruggero Deodato wa Italia alitoa filamu Cannibal Holocaust, iliyotengenezwa ionekane kama mikanda halisi iliyookotwa msituni Amazon baada ya waliopiga picha kuuawa. Waigizaji walikuwa wametia saini mkataba wa kutoonekana hadharani kwa mwaka mmoja. Filamu ilikamatwa Milan siku chache baada ya kutoka, na Deodato akatuhumiwa kuwaua waigizaji wake. Ilibidi awatafute na kuwaonesha wakiwa hai. Ilibidi pia aeleze jinsi mwanamke aliyeonekana amechomekwa mti mwilini hadi mdomoni alivyotengenezwa: alikuwa ameketi juu ya kiti cha baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo ya chuma, akatazama juu, akashika kipande cha mti mwepesi mdomoni. Tuhuma ya mauaji ikaanguka.

Lakini kuna kitu hakikuanguka hadi leo. Wanyama waliouawa mbele ya kamera hiyo, kobe mkubwa wa majini, nguruwe, kima na wengine, waliuawa kweli. Zungumza na wapenzi wa filamu za damu kokote duniani, watu walioona kila aina ya kuchinjwa na kuchunwa, watakwambia kuwa binadamu wa filamu hiyo wanawatazama bila shida, ila kwenye kobe wanafumba macho. Wengi hawaisamehe. Deodato mwenyewe alikuja kujutia. Mchinjo wa binadamu, ambao ni wa uongo, wanaupokea. Mchinjo wa kobe, ambao ni wa kweli, wanaukataa. Anayedhani watu hawa wanapenda damu kwa sababu ni damu atueleze kobe huyo.

Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 1994 na Jonathan Haidt, Clark McCauley na Paul Rozin ulifika karibu na hapo. Wanafunzi waliwekewa video za mambo halisi, kama ng'ombe wakichinjwa na daktari akipasua uso wa mtoto kwa matibabu, wakaruhusiwa kuzima wakati wowote. Wengi walizima kabla ya mwisho. Vijana wa rika hilo hulipa kiingilio waone mabaya zaidi ya hayo kwenye sinema.

Na sisi? Tusijifanye kwamba hofu tumeletewa kwenye kanda za video. Edward Steere alipochapa hadithi za Waswahili London mwaka 1870, alizozikusanya Unguja, ndani yake mlikuwa na hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alianza kwa kula wanyama, mbuzi na ng'ombe wakiwemo, akafika kwa watoto wa watu. Kila waliposhtaki, sultani alijibu kwamba paka ni wake. Mpaka alipoua wana wa sultani mwenyewe ndipo mnyama akaitwa kwa jina lake, nunda mla watu. Bibi walisimulia hayo gizani kwa watoto wa miaka mitano, na watoto wakasogea karibu zaidi. Mwanzoni msimulizi alisema paukwa, watoto wakajibu pakawa. Kwa kujibu, kila mtoto alikuwa amekubali mwenyewe kuingia mahali ambapo watu wataliwa na hakuna atakayeumia.

Vibanda umiza, vile vya kuoneshea filamu mitaani, vilirithi desturi hiyo. Wengi wenu mmekua humo: viti vya mbao, joto, filamu ya nje ikizungumza Kiswahili kwa sauti ya Lufufu, msimulizi wa filamu. Sauti hiyo ilikuwa pale kati yako na kisu muda wote, ikieleza, ikitania, ikikukumbusha kuwa uko na wenzako. Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo hazingetosha harusi ya kawaida. Nabwana alizaliwa mwaka 1973, Idi Amin akiwa madarakani. Filamu zake zina risasi kila dakika, damu ikiruka kutoka kwenye kondomu zilizojazwa maji mekundu, na watoto wa mtaani hukimbilia kuigiza maiti. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe. Mwigizaji mmoja akaugua homa ya kutupa mimba, ile inayotoka kwa mifugo, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Kitu cha kweli kilipoingia mchezoni, mtu aliumia, na kundi zima likaelewa kwamba hakina nafasi.

Nijibu mawili ambayo najua mnayo.

La kwanza ni huruma. Mwaka 2005 Cynthia Hoffner na Kenneth Levine walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakaona kwamba wenye huruma ndogo hufurahia zaidi hofu na ukatili wa kwenye skrini. Sipuuzi kazi yao. Ila mwaka 2024 Coltan Scrivner alichapisha matokeo yanayoonesha kuwa wapenzi wa filamu za kutisha hawapungukiwi huruma. Kwa uzoefu wangu darasani namwamini Scrivner. Filamu ya kutisha haifanyi kazi bila huruma. Msichana anashuka ngazi za chini ya nyumba, ukumbi mzima unamwambia rudi. Asiyejali kama msichana atakufa hana cha kuogopa, na filamu kwake ni mwanga tu unaocheza ukutani.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke aliandika hivi, kwa maana: andaa tamthilia bora kuliko zote, yenye waigizaji bora, halafu tangaza kwamba mhalifu wa cheo kikubwa anakaribia kunyongwa kwenye uwanja wa jirani, ukumbi utabaki mtupu. Kama Burke yuko sahihi, mimi nimewadanganya tangu nilipoanza.

Burke yuko sahihi nusu. Watu watakimbia kwenda kuona, hilo ni kweli, na kila ajali ya barabarani inathibitisha. Ila kukimbilia kuona si kufurahia. Plato alimsimulia Leontius, aliyekuwa akipanda kutoka Piraeus akaona maiti za waliouawa na mnyongaji. Alitaka kutazama, akajizuia, akafumba macho. Mwisho akashindwa, akayafumbua kwa nguvu akiyatukana macho yake mwenyewe. Huyo ndiye sisi pembeni mwa barabara. Mwili unataka kujua kifo kinafananaje, nafsi inakataa, na hakuna anayerudi nyumbani akiwa na raha.

Hata hivyo lazima niseme kuhusu wale wanaomuua mtuhumiwa mtaani, tunaowasoma magazetini kwa jina la wananchi wenye hasira kali. Niliwahi kusikia umati kama huo nikiwa ndani ya duka nilimokimbilia kujificha. Sikuona chochote. Nilisikia, na katika sauti hizo kulikuwa na vicheko. Hapo raha ilikuwepo, na damu ilikuwa ya mtu. Nimelifikiria jambo hilo muda mrefu. Umati ule haukuwa umetoka kwenye filamu. Mauaji ya namna hiyo yalikuwepo kabla ya vibanda umiza na kabla ya televisheni. Neno moja lilitosha, mwizi, na mtu akatolewa katika watu. Waliocheka walikuwa wamefanya kinyume cha mpenzi wa filamu: yeye humchukua kiumbe asiyekuwepo akamlilia kama mtu, wao walimchukua mtu aliyekuwepo wakamfanya si kitu.

Ndiyo maana nasema hatari iko kwingine. Iko kwenye simu.

Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakaenda kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliokufa walipita 100. Video za watu wakiungua zilienea nchini siku hiyo hiyo. Zilifika katika makundi ya familia, ya kwaya, ya wazazi wa shule, katikati ya salamu za Jumamosi na picha za mapishi. Hakuna aliyeitikia pakawa. Aliyeungua hakukubali kuonwa, mjane hakuombwa ruhusa, na uliyetumiwa hukuulizwa. Skrini ni ile ile uliyotazamia filamu jana, na kidole ni kile kile. Ukiona kifo halisi mara mia kwa njia hiyo, ama kitakuumiza ama utaacha kuumia, na sijui lipi baya zaidi.

Kwamba kinaumiza tunajua. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Aprili 2013, watafiti Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Cohen Silver waliwahoji Wamarekani zaidi ya 4,600. Waliofuatilia habari na picha za tukio kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili kali za mshtuko kuliko watu waliokuwa kwenye mabomu yenyewe au karibu nayo.

Na tunajua kutoka Nairobi. Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuchuja yaliyowekwa Facebook, kwa mkataba na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama. Mauaji, ubakaji, kujiua, watoto wakidhulumiwa, video moja baada ya nyingine, kwa ujira wa takriban dola mbili kwa saa au pungufu, ili mimi na ninyi tusivione. Daniel Motaung, mmoja wao kutoka Afrika Kusini, amesimulia kuwa video ya kwanza anayoikumbuka ni ya mtu akikatwa kichwa. Alifungua kesi mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua yao. Desemba 2024 ilitangazwa kwamba wachujaji zaidi ya 140 waliopimwa na Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, walikutwa na ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe, wengi wao katika hali kali. Maelezo yaliyotolewa kwa ajili ya kesi yanataja watu waliotapika, waliozimia, waliopiga kelele mezani pao wakakimbia.

Paris, mtu akizimia, daktari alikuwa mlangoni, na jeraha lililomwangusha lilikuwa la gliserini. Nairobi mtu alizimia kwa sababu alichokiona kilikuwa kimempata binadamu mwenzake, na kesho yake alirudi kukiona tena kwa saa zote za zamu. Kama kupenda filamu za damu kungemfanya mtu awe sugu kwa damu ya kweli, waajiri wangetafuta wapenzi wa filamu za kutisha, na hao wangekaa salama. Usugu wa namna hiyo haupo. Aliyezimia kwa kumwona binadamu akichinjwa alikuwa mzima. Kazi ndiyo iliyomwumiza.

Nawaomba mambo matatu. Wazazi: mtoto wenu wa miaka kumi na minane anayependa filamu za majini na misumeno msimpeleke kuombewa, ketini naye mtazame moja, kisha muulizeni alimwogopea nani. Wanafunzi wa sheria mliomo humu: Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Someni uamuzi huo, kisha mtuambie sheria zetu zingemlinda vipi kijana wa hapa akipewa kazi hiyo.

Na sisi sote, kwenye simu zetu: ikija video ya mtu akiungua, akipigwa au akifa, kama inaweza kuwasaidia polisi wapelekeeni wao peke yao. Vinginevyo ifuteni, na mwambieni aliyeituma, hata kama ni mkubwa wenu, kwamba aliyemo ana watoto.